Mnyapara Aliyeamka Bila Kuitwa

Bi Kwato alifika maabara saa mbili kasorobo asubuhi, na neno la kwanza aliloambiwa mlangoni lilikuwa kwamba viatu vyake havitakiwi.

"Viatu vyangu vimekosa nini?"

"Vimetembea barabarani, mama," alisema mtafiti mmoja mrefu, mwenye kalamu nne zilizojipanga mfukoni mwa koti lake jeupe. Kwa ajili ya kalamu hizo maabara nzima ilimwita Bwana Kalamu. "Humu tunavaa hizi." Akampa kandambili za plastiki, ya kushoto ikiizidi ya kulia kwa ukubwa.

Bi Kwato akazivaa bila kunung'unika. Alikuwa sajini wa polisi miaka ishirini na sita katika kikosi cha wizi wa mifugo, na huko alikwisha kanyaga makubwa kuliko hayo. Jina la Kwato alilipata huko huko. Alikuwa akiinama juu ya tope, akatazama nyayo, akakwambia ng'ombe walikuwa wangapi, yupi ana mimba, na mwizi anachechemea mguu upi. Alipostaafu, taasisi hii ya utafiti wa saratani ikamwajiri achunguze mambo yake ya ndani. Kwa miaka miwili mambo ya ndani yalikuwa baiskeli iliyopotea na keki iliyoliwa kwenye friji. Leo kulikuwa na mtu wa kupoteza kazi.

Profesa mwenye maabara alimpokea ofisini kwa mikono miwili na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba sukari.

"Kesi nyepesi kama unyoya, Bi Kwato. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimevaa koti jeupe na kinaitwa Mama Pacha."

Mama Pacha alikuwa fundi wa maabara. Miaka kumi na miwili ndiye aliyelisha seli za utafiti, akazisafisha, akazihamisha, akazijua kama mama mwenye nyumba anavyoijua mitungi yake.

"Amefanya nini?"

"Amenihujumu! Mwezi wa pili aliomba cheo cha msimamizi wa chumba cha seli, nikamwambia asubiri. Mwezi wa nne seli zangu zikaanza kuharibika. Ufunguo wa sanduku la dawa anao yeye. Na wiki iliyopita nimemkuta na dawa yenyewe mfukoni. Kamati ya nidhamu inakaa kesho saa kumi alasiri. Barua ya kumwachisha kazi nimekwisha kuiandika, hii hapa. Nangoja sahihi yako tu."

Bi Kwato akaitazama barua, akaisogeza kidogo, akaweka kikombe cha chai mahali pake.

"Sahihi yangu si kuku, Profesa, haikimbii. Seli zimeharibika vipi?"

"Zimeamka. Zile zinazotakiwa kulala, zimeamka! Nenda kamuulize yeye mwenyewe, anaeleza vizuri kuliko mimi." Kisha Profesa akakohoa, kama mtu aliyegundua kwamba amemsifu mshtakiwa.

Chumba cha seli kilikuwa kidogo kama jiko la nyumba ya kupanga. Kulikuwa na kabati la joto likivuma polepole ukutani, friza ndefu, hadubini mbili, na meza yenye kioo mbele ambamo upepo safi ulipuliza mchana kutwa. Mama Pacha alikuwa amekaa mbele ya kioo hicho, mfupi, kitambaa kichwani, akivuta mchuzi wa kulishia seli, wa rangi ya waridi, kwa mrija mrefu na kuudondosha kwenye visahani vya plastiki. Hakugeuka.

"Shikamoo, mama. Nisamehe sikupi mkono. Nikiacha sasa hivi, hawa watalala njaa."

"Marahaba. Lisha kwanza. Umeambiwa nimekuja kwa nini?"

"Kunifukuza."

"Kukuuliza. Kufukuza kuna wenyewe."

Mama Pacha akacheka kidogo. Akafunika kisahani cha mwisho, akavua glavu, akanawa, akajifuta. Mikono yake ilikuwa imepauka kama ya dobi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la saba aliyezoea ng'ombe," alisema Bi Kwato, akafungua daftari lake.

"Haya. Mwili ni nyumba, seli ni tofali. Kila seli ina kitabu cha maagizo ndani yake. Jinsi ya kukua, jinsi ya kupumzika, jinsi ya kufa saa yake ikifika. Kila agizo tunaliita jeni. Lakini kitabu hakijisomi, mama. Kuna protini zinazokipanda na kusema, ukurasa huu someni, ule funikeni. Sisi tunachunguza mojawapo. Jina lake la kitaalamu linavunja ulimi. Humu tunamwita Mnyapara."

"Anasimamia kazi gani?"

"Kukua. Akishika ukurasa wake, seli inanenepa, inagawanyika, mbili, nne, nane. Kwa mtu mwenye afya Mnyapara huja, hupiga kelele zake, na baada ya kama nusu saa seli yenyewe humvunjavunja. Kazi imekwisha. Ndiyo maana kidonda kikipona ngozi inajua kuacha kuota."

"Na kwenye saratani?"

"Havunjiki. Au wanakuwa kumi mahali pa mmoja, na wote wanapiga kelele pamoja. Seli haipati nafasi ya kupumzika wala ya kufa. Uvimbe ndio huo."

Bi Kwato akaandika: *Mnyapara asiyekubali kustaafu.*

"Sasa hizi seli zetu zilitengenezwa kwa namna yake," Mama Pacha akaendelea. "Mnyapara amelala mpaka tumpe dawa. Dawa ndiyo swichi. Ukiitia, anaamka, seli zinakimbia. Usipoitia, zinajikokota tu. Na tumemfunga taa. Akiamka, seli inang'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Miaka miwili ilikwenda hivyo bila kosa. Visahani vyenye dawa vinang'aa, visivyo na dawa ni giza. Tunavilinganisha, tukitafuta kitu cha kumtuliza huyu bwana. Halafu, tarehe nne ya mwezi uliopita, tazama."

Akaweka kisahani chini ya hadubini, akazima taa ya chumba. Bi Kwato akainama. Kijani kilikuwa kimetapakaa kila upande, kama malisho baada ya mvua.

"Hiki sijakitia dawa hata tone," alisema Mama Pacha gizani.

"Kinaonekana kabisa kama kilichotiwa."

"Hata mimi ningesema hivyo. Ningekuwa kwenye kiti chako, mama, ningejikamata."

Wakawasha taa. Bi Kwato akaomba kuona sanduku la dawa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mama Pacha, umefungwa kwa uzi, na ndani ya sanduku mlikuwa na kichupa kimoja cha kahawia chenye unga wa manjano. Kila unapochotwa hupimwa, na uzito huandikwa kwenye daftari. Bi Kwato akataka upimwe mbele yake. Mizani ikaonyesha kile kile kilichoandikwa, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Rangi hii naifahamu," alisema, akiinua kichupa kwenye mwanga. "Wafugaji huchoma ng'ombe sindano ya rangi hii."

"Ni ukoo mmoja, tetrasaiklini. Dawa ya kuua vijidudu. Sisi tunaitumia kama swichi tu, kiasi kidogo mno, chembe ndani ya pipa."

Bi Kwato akaliandika hilo pia, maana yeye aliandika kila kitu. Kwenye kikosi aliwaona askari waliochagua cha kuandika, na wote walimaliza na daftari safi na zizi tupu.

"Na iliyokuwa mfukoni?"

Mama Pacha akafungua kijisanduku chake cha ukutani, akatoa tyubu ndogo ya dawa ya macho, imekamuliwa nusu.

"Hii. Nayo ni tetrasaiklini. Watoto wangu wote wawili waliamka macho mekundu kama pilipili. Nilikuwa natoa leso, ikadondoka mbele ya Profesa. Alipiga kelele mpaka watu wa chini wakadhani kuna moto, wakakimbilia nje na vikombe vyao vya chai."

Bi Kwato akaacha kuandika. Ufunguo upo, sababu ipo, dawa ipo, tena imetoka nyumbani ambako hakuna mizani wala daftari. Kikosini mtu wa namna hiyo angekwisha kupandishwa gari.

"Uliipata wapi?"

"Zahanati. Kadi ya watoto hii."

Kadi ilikuwa imekunjwa mara nne na ilinuka sabuni. Bi Kwato akaisoma, akairudia kuisoma. Tarehe ishirini na nane. Akamrudishia, akachukua kalamu tena.

"Ng'ombe aliyeibwa tarehe nne hawezi kufungwa kwa kamba iliyosokotwa tarehe ishirini na nane," alisema. "Weka kadi yako vizuri. Na hilo daftari la kulishia nipe."

Daftari la kulishia lilikuwa na mistari mitatu tu kwa siku: tarehe, visahani, aliyelisha. Bi Kwato alilisoma akiwa amesimama korido, kandambili moja ikimvuka kila akigeuka. Kisha akamwita Bwana Kalamu, wakakaa kwenye benchi karibu na mashine ya maji.

"Kuanzia tarehe kumi hadi kumi na nane naona mwandiko wako, baba."

"Ndiyo, mama. Mama Pacha alikuwa likizo. Mkwewe alivunjika mguu."

"Kwa siku hizo tisa, zile za usingizi ziling'aa?"

Bwana Kalamu akaanza kuzipanga upya kalamu zake.

"Kalamu ziache, zimekwisha kupangika. Ziling'aa?"

"Ziling'aa."

"Ulimwambia Profesa?"

"Sikumwambia."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu mlishaji nilikuwa mimi, mama! Ningesema, barua ile ingekuwa na jina langu. Nikajiambia, labda Mama Pacha alizitia kabla hajaondoka."

"Dawa ikishatiwa inakaa muda gani?"

"Siku mbili. Tatu, ukiwa na bahati mbaya."

"Na wewe mchuzi uliumwaga na kuweka mpya mara ngapi?"

"Mara nne," alisema, na alipokuwa akilitamka neno hilo uso wake ukabadilika, kama mtoto anayeona jibu la hesabu baada ya kipindi kwisha.

"Basi huyu ni mwizi wa ajabu. Anamuuguza mkwewe nyumbani, na huku bado anaiba." Bi Kwato akamgonga goti kwa daftari. "Sikulaumu kwa kuogopa, ila mwenzako amelala siku ngapi bila usingizi kwa ajili ya kimya chako? Utakwenda kumwambia kwa kinywa chako. Sasa nisaidie. Ama mliitia dawa wote wawili, ama hakuna aliyetia. Nataka kitu kimoja ambacho mikono yako na mikono yake yote ilikigusa."

"Glavu hubadilishwa. Mirija inafunguliwa mipya kila mara. Visahani vinatoka kwenye pakiti. Labda mchuzi."

"Una nini ndani yake?"

"Chumvi, sukari, vitamini. Na seramu ya ndama."

"Ya nani?"

"Ya ndama, mama. Damu ya ndama ikishaganda, yale maji ya manjano yanayobaki juu. Seli hazikubali kukua bila hiyo. Tunaitoa machinjioni, maana yake kampuni inaitoa machinjioni, inaisafisha, inatuuzia."

Bi Kwato akafunga daftari lake. Kisha akainuka.

"Miaka miwili nimekaa mjini," alisema, "sikujua kwamba humu ndani nipo nyumbani kabisa. Nionyeshe huyo ndama."

Ndama alikuwa kwenye friza, ndani ya chupa ishirini na mbili zenye namba moja ya shehena na vifuniko vyeupe. Ya ishirini na tatu ilikuwa kwenye friji ya kawaida, imefunguliwa, na juu ya kifuniko Mama Pacha alikuwa ameandika kwa wino mweusi, kama alivyoandika juu ya kila kitu katika chumba kile, siku aliyoifungua. Tarehe mbili mwezi wa nne. Taa ya kijani ilionekana tarehe nne.

Pamoja na chupa kulikuwa na cheti chenye namba ya simu. Bi Kwato akapiga, akapokewa na mtunza stoo mwenye sauti ya mtu anayetafuna.

"Mnapima nini kwenye hii seramu yenu?"

"Kila kitu, mama. Vijidudu, virusi, ukungu. Safi kama maji ya mvua."

"Na dawa? Ndama akiugua akachomwa sindano, kisha akachinjwa kabla dawa haijamtoka?"

"Ah, dawa za mifugo. Hizo hatupimi mpaka mteja aombe. Wanaoomba tunawapa ile isiyo na tetrasaiklini, ina kifuniko chekundu. Yenu ina kifuniko gani?"

"Cheupe."

"Basi hamkuomba," alisema mtunza stoo kwa upole, akaendelea kutafuna.

Profesa alikuwa akila karanga juu ya rundo la karatasi Bi Kwato aliporudi ofisini kwake.

"Amekiri?"

"Bado namhoji. Niambie, Profesa, hii seramu ya kifuniko cheupe aliichagua nani?"

Hakuna swali ambalo lingemfurahisha zaidi. Profesa akapangusa mikono, akavuta daftari kubwa kutoka kwenye rafu.

"Mimi mwenyewe! Hili huwa simwachii mtu. Seramu hazifanani, Bi Kwato, kila shehena na tabia yake. Kwa hiyo kampuni inakuletea sampuli kwanza. Unalisha seli, unangoja, unahesabu. Ile ambayo seli zimestawi zaidi, unanunua shehena nzima ya mwaka. Ndivyo tunavyofanya sote katika kazi hii. Tazama mwezi wa tatu. Sampuli ya kwanza, wastani. Ya pili, wastani. Ya tatu," na kidole chake kikagonga ukurasa, "karibu maradufu! Sijawahi kuona."

Pembeni mwa hesabu, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno ya mwandiko wake mwenyewe: *Hii ina baraka!*

"Seli ulizozihesabu zilikuwa zipi?"

"Hizi hizi zetu. Zikiwa zimelala, bila dawa. Huo ndio utaratibu."

"Uliwasha ule mwanga wa buluu?"

"Wa nini? Nilikuwa nahesabu tu." Karanga moja ilikuwa njiani kwenda mdomoni, ikasimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu leo nimeambiwa seli zilizolala hujikokota, na hizi zilikimbia. Kijijini, ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake hayanywewi siku kadhaa, na nyama yake pia ina siku zake za kungoja. Yuko mtu ambaye hakungoja. Nadhani ulichagua seramu yenye dawa ndani yake, Profesa, na uliichagua kwa sababu ina dawa."

"Haiwezekani. Ni seramu bora kuliko zote!"

"Bora kwa nani?"

Profesa akaila ile karanga.

"Sisemi kwamba ni kweli," alisema Bi Kwato. "Nasema tuipime. Nataka visahani sita, na seli zilizogandishwa kabla ya mwezi wa nne. Vitatu vilishwe seramu hii, vitatu ya zamani. Bila dawa yoyote."

"Ya zamani imekwisha! Niliamuru itupwe."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vyombo, na hakuna aliyejua ni tangu saa ngapi.

"Ipo chupa moja, Profesa," alisema, akitazama trei. "Chini kabisa ya friza, nyuma ya barafu. Marehemu mama alinifunza kutomaliza unga wa zamani kabla ya kuonja mpya."

"Umekaidi amri yangu?"

"Nimekaidi, Profesa. Iongeze kwenye barua."

Bwana Kalamu akakohoa ili asicheke, lakini haikusaidia.

Kazi ilifanywa kabla ya saa saba mchana. Bi Kwato alimweka Mama Pacha korido, mikono nyuma, nje ya kioo, ili asiwepo mtu wa kusema kesho kwamba alipitisha kidole. Bwana Kalamu ndiye aliyeyeyusha seli na kuzilisha. Kabla ya kumimina mchuzi, Bi Kwato alichukua kila kisahani, akampa Bwana Kalamu mgongo, akachora alama chini yake: jembe, mwezi mchanga, ufunguo, mshale, pete, jicho. Zilikuwa chapa za ng'ombe wa familia sita alizowahi kuwarudishia mifugo yao, na hapakuwa na mtu mwingine chini ya paa lile aliyejua ipi ilipewa seramu ipi. Aliandika maelezo kwenye karatasi moja, akaitia katika bahasha, na bahasha akaitia kwenye mkoba, pamoja na ufunguo wa kufuli alilolitia kabati la joto na kitabu chake kidogo cha sala. Nyumbani alimwomba Mungu amwonyeshe kilichopo, hata kama si kile anachokitaka, akalala fofofo.

Kesho yake saa tisa alasiri, saa moja kabla ya kamati, kabati likafunguliwa. Profesa hakutaka mtu mwingine atazame. Alikaa mbele ya hadubini, tumbo likigusa meza, na Bi Kwato akampitishia visahani kimoja kimoja, vimechanganywa kama karata.

"Giza," alisema Profesa. "Safi kabisa, zimelala kama watoto wachanga."

"Kinachofuata."

"Kijani." Akasukuma kisahani pembeni. "Kinachofuata. Kijani. Giza. Giza tena." Kile cha mwisho alikitazama kwa muda mrefu, akakizungusha, akasogeza mwanga, kama mtu anayembembeleza hakimu. "Kijani."

Bi Kwato akavigeuza juu ya meza, chapa juu. Akafungua bahasha, akaiweka karatasi mbele ya Profesa. Mwezi, pete na mshale, seramu ya zamani: giza, giza, giza. Jembe, ufunguo na jicho, seramu ya kifuniko cheupe: kijani, kijani, kijani.

Profesa akavua miwani. Akaipangusa, ingawa ilikuwa safi.

"Nimemnunua mwizi mwenyewe," alisema. "Kwa shehena. Nikamwandikia sifa kwa wino mwekundu."

"Alikuwa mkarimu, Profesa. Mwizi mkarimu huwa wa mwisho kushukiwa."

Nje ya kioo, Mama Pacha alikuwa bado amesimama mikono nyuma. Bwana Kalamu alikuwa kando yake akimwambia jambo huku ameinamisha kichwa, na Mama Pacha alikuwa akimsikiliza kwa uso wa mtu ambaye atasamehe, lakini si leo.

Kamati ya nidhamu ilikuwa watu watatu na jagi la maji. Mwenyekiti, daktari wa upasuaji aliyezoea kukata shauri kama anavyokata uzi, akaomba ripoti. Bi Kwato akasimama, akasoma daftari lake kwa sauti ya kituoni.

"Mtuhumiwa: ndama. Kosa: aliugua akatibiwa. Mahali alipo sasa: ndani ya chupa ishirini na tatu. Aliyemwingiza ndani: utaratibu wa siku zote, ambao haukuwahi kuulizwa swali. Mama Pacha hana hatia, na tarehe aliyoiandika juu ya kifuniko ndiyo iliyotufikisha kwa ndama. Mwisho wa ripoti."

Mwenyekiti akamgeukia Profesa. "Ni kweli?"

Profesa angeweza kusema mengi, na chumba kizima kilimjua kwa hilo. Akasimama, akalishika tumbo lake.

"Mchaguzi ni mimi," alisema. "Niliona seli zinanawiri, sikuuliza zinanawiri kwa nini. Mimi, wa kusahau kwamba saratani nayo hunawiri! Nimemkosea fundi wangu, nami naomba radhi mbele yenu." Akashusha pumzi. "Kilichobaki ni huzuni tu. Wiki tano za kazi, zote za kutupa."

"Za kutupa kwa nini?" aliuliza Mama Pacha.

Wakamgeukia wote. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja tayari kuondoka.

"Profesa, siku zote wataalamu wenzako wanakuandikia kwamba labda seli zetu zinakimbia kwa sababu sisi wenyewe tunajua kisahani kipi kina dawa, tunahesabu kwa macho ya kupenda. Hizi wiki tano hakuna aliyejua. Mimi sikujua, Bwana Kalamu hakujua, wewe hukujua. Chembe ya dawa ikaingia kwa ndama, Mnyapara akaamka bila kuitwa, na seli zikakimbia vile vile. Kila siku, kwa mikono ya watu wawili tofauti. Ushahidi gani mwingine unautaka, wa malaika?"

Profesa akainama juu ya meza. Kisha akachomoa kalamu moja kutoka mfukoni mwa Bwana Kalamu bila kuomba, akaivuta barua ya kumwachisha Mama Pacha kazi, akaigeuza upande mweupe, akaanza kupiga mistari ya jedwali.

"Chupa ya zamani imebaki kiasi gani?"

"Vidole vitatu. Lakini ile ya kifuniko chekundu inaweza kuagizwa leo."

"Agiza. Tutalisha zote mbili sambamba, na Bi Kwato atachora chapa zake. Tunaanza Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu sipo," alisema Mama Pacha. "Napeleka watoto kuangaliwa macho."

Bwana Kalamu akafumba macho. Mwenyekiti akatazama dari.

"Jumanne, basi," alisema Profesa.

"Jumanne nitakuwepo." Mama Pacha akaushusha mkoba kutoka magotini, akauweka sakafuni, kando ya kiti. "Kama msimamizi wa chumba."

Profesa akamtazama, akaitazama karatasi, akaandika juu kabisa ya jedwali, mahali pa msimamizi, jina lake.

Bi Kwato hakungoja maji. Alikuwa na daftari la kufunga na ng'ombe sita wa kufuta chini ya visahani. Alipofika mlangoni akatazama chini, akakuta amekwenda mpaka kwa kamati na kandambili za watu, kubwa na ndogo, na viatu vyake halisi vikimngoja kwenye kizingiti cha maabara, vikiwa na tope lake lote.